Goti ya Adeline na Sahani ya Plastiki

Juma tatu, 16/6/2025
Mujukulu wangu Adeline amerudi nyuma ya kinga ya toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, muguu umenyooshwa pembeni kama bibi ya gavana. Wamecheza ile frisbee yao. Frisbee – ni sahani ya plastiki. Unatupa, mwenzako anadaka. Bon. Na juu ya sahani isiyo hata na samaki ndani, mwenzake Landry amevunja kidole, Henri bega imetoka, na huyu wangu goti. Aliruka pamoja na Zaina wa timu ingine, akashuka vibaya.

Nimeuliza arbitre, mwenye filimbi, alisema nini. Hakuna arbitre. Mwenye kuguswa ndiye anasema "faute". Mwenye kuumia ndiye anasema nimeumia, anatoka. Basi. Adeline alimuambia Zaina: haukunigusa, nilianguka mwenyewe. Nimezaa watu wa mbinguni.

Juma tano, 18/6
Dokta anasema kamba ya ndani ya goti imepasuka nusu. Asikimbie miezi mingi. Ikigeuka tena itakatika yote, atachechemea mpaka uzee. Dokta mwenyewe iko na mashavu ya mutoto. Nilimuelezea: mimi Philippe, beki ya kulia, nilicheza finale na kidole cha muguu kimevunjika, na mshambuliaji wao mpaka leo iko natafuta mupira. Akasema, "Merci, papa." Watu wa masomo hawana maswali.

Adeline alisikia yote. Njiani akaniambia: "Donc, koko, na mimi nitacheza juma pili." Mechi ya juma pili ndiyo inachagua watu wa kupanda ndege Bangboka, kwenda Kinshasa. Nikasema, damu yangu hiyo. Kabondo yote, mtaa wetu, nimekwisha kuiambia kwamba atapanda.

Ijumaa, 20/6
Namupakaa mafuta ya chatu. Asubuhi amekimbia kidogo ndani ya parsele, hapa mbele ya nyumba. Vizuri sana. Kuku ilikimbia vizuri zaidi.

Juma mosi, 21/6
Nilikuwa nakanda goti. Ikatembea pembeni.

Goti haitembei pembeni.

Nilimuambia acha. Akacheka: "Koko, weye ulitoka uwanjani juu ya kidole?" Na amenikataza kusema kwa wenzake. Mwenye kuumia ndiye anasema, ndiyo sheria. Sheria nzuri. Aliyeileta aje anisalimie, niko na fimbo.

Juma pili, 22/6, asubuhi
Zaina amefika. Na ndizi mukononi, kama mutu wa posa. Amekaa hapa barazani mbele yangu, naandika nisimuangalie. Leo ni yeye atamufuata Adeline uwanjani.

"Papa Philippe, uniambie kweli. Goti imepona? Kama bado, siruki karibu yake. Nitaambia timu zote mbili, hachezi."

Adversaire huyo, mutu wa timu ingine. Sisi zamani ile goti ndiyo tulikuwa tunatafuta kwanza.

Nimesema ngoja, mama, niko na kazi ya kuandika.

Adeline ametoka na sufuria. "Weye, unasumbua muzee ya nini? Angalia." Amechutama mbele yetu, mpaka chini kabisa, anaosha. Anacheka. Zaina naye amecheka, ameshukuru Mungu, iko natafuta viatu vyake.

Kiatu ya kwanza.

Sufuria imekwisha kung'aa. Adeline bado anasugua.

Kiatu ya pili. Zaina ameaga, iko kwa mulango. Adeline hajainuka. Ananiangalia mimi.