Mama Mkwe Nyuma ya Kikapu

Ijumaa, Tunduma. Kipupwe kimekaza. Tangu asubuhi upepo unatimua vumbi la barabara ya Rodesia, na tangu asubuhi sina raha. Chai imenishinda. Nimewafokea watoto wa darasa la tatu kwa kosa ambalo si lao.

Kesho tunarudiana mpira wa kikapu na timu ya ng'ambo ya mpaka, huko huko kwao.

Tangu Jumamosi iliyopita walimu wenzangu walikuwa wakinong'ona kwamba nimeiuza mechi kwa wakwe. Mbele yangu hawakusema. Nikiingia chumba cha walimu, mazungumzo yanageuka ghafla kuwa ya mahindi. Ni kweli mchumba wangu Rahel ni wa ng'ambo, na kaka yake Lameki ndiye anayenikaba uwanjani. Posa imepokelewa, bado harusi tu. Sasa mtu apoteze mitupo huru miwili dakika za mwisho, timu yake iko nyuma kwa pointi moja, tena mbele ya ukoo anakooa! Hata mimi ningemshuku.

Niandike ilivyokuwa, maana hapa hakuna wa kunikatiza.

Nilikuwa naruka kufunga, Lameki akanivaa, tukaanguka wote wawili. Refa akapuliza filimbi, akanipa mitupo miwili. Hapo kila mtu anakuachia nafasi, unasimama mstarini peke yako na mpira wako, na hakuna wa kukuzuia. Nikainua macho kutafuta ringi. Nyuma ya nguzo, katikati ya wanawake waliovuka na vikapu vyao vya dagaa, alisimama mama yake Rahel, ananitazama usoni.

Sisi Wanyamwanga hatumtazami mama mkwe. Mkikutana njiani unaingia majanini mpaka apite. Nikiwa nakimbia simwoni mtu, naona mwanya tu. Lakini pale nilikuwa nimesimama, na majani ya kuingia hayapo. Nikainamisha macho nikatupa huku natazama vidole vya miguu yangu. Wa kwanza ukapita juu ya ubao. Wa pili haukugusa hata chuma.

Juzi nilichoka kuonekana msaliti, nikamweleza Mwalimu Mwazembe, mkuu wetu wa shule na ndiye anayetufunza mchezo huu. Akaniamini papo hapo.

"Ungesema mapema, mwanangu," akaniambia. "Hiyo si hila, ni adabu."

Akawaambia wenzangu, nyuso zikalainika. Mmoja alinipisha kiti. Nikalala usingizi mzuri.

Laiti ningeishia hapo.

Leo baada ya masomo nikaenda uwanjani peke yangu, kunyoosha mikono tu. Lazima niseme jambo moja: mitupo huru sijawahi kuifanyia mazoezi. Kila jioni Mwalimu Mwazembe huwabakiza wenzangu mstarini, watupe mmoja mmoja, na kila jioni mimi nanawa miguu naenda zangu. Wananiita Fundi, nami jina limenikaa. Nilikuwa nawatania: mtu anayefunga huku anakimbia na watu wawili wamemning'inia shingoni, akisimama peke yake atashindwa na nini? Mwalimu alinisihi, akachoka.

Basi nikasimama mstarini. Hakukuwa na mama mkwe, hakukuwa na mtu yeyote. Macho nimeyakodoa kwenye ringi, ile pete ya pipa aliyotupigia mhunzi.

Nikatupa. Ukagonga chuma ukarudi. Nikatupa tena, ukaenda kando. Nikasema ni upepo. Nikajaribu nikikimbia, na upepo ule ule: ukaingia, safi. Nikarudi mstarini, ukakataa. Ikawa hivyo mpaka jasho likanitoka kwenye baridi hii. Nikikimbia, mkono hauniulizi kitu. Nikisimama, naanza kuwaza kiwiko, magoti, pumzi, watu watasemaje. Mwenzetu Zakaria, anayejikwaa kwa miguu yake mwenyewe, pale mstarini hakosi. Anadunda mpira, anavuta pumzi, anatupa, imekwisha. Amezoea. Mimi nilidhani kujaliwa kunatosha.

Kumbe hata mama mkwe asingekuwepo ningekosa.

Nilikuwa bado nimeduwaa pale, Lameki akatokea. Alivuka kununua blanketi, maana Jumatatu anapanda lori la kwenda migodini Kitwe, na huko harudi leo wala kesho. Mechi ya kesho ndiyo ya mwisho kwake.

"Shemeji," akasema, "mayo hatakuja kesho." Mayo ndiye mama yao. "Habari imemfikia. Anasema yeye ndiye aliyekuharibia mchezo, kwa hiyo atakaa nyumbani."

Alijaribu kucheka, hakuweza. Akaangalia pembeni.

Nami nikajibu nini? Nikasema, "Mwambie nashukuru."

Nashukuru! Mdomo wangu huu. Mama hamwoni mwanawe akicheza kwa mara ya mwisho, kwa sababu mimi ni mvivu wa mazoezi, halafu nashukuru.

Nikinyamaza, nabaki mkwe mwenye adabu zake, na wazee watanisifu. Nikisema, watajua kwamba Fundi hawezi jambo ambalo Zakaria analiweza, na wengine watarudia yale ya kuuza mechi. Naogopa. Tena kesho wale jamaa watanivaa makusudi kila nikishika mpira, kwa kuwa wamekwisha kuona kwamba nikisimamishwa mstarini naharibu. Jioni moja ya mazoezi haitaniokoa.

Jua halijazama. Lameki hana haraka, bila shaka bado anabishania bei dukani. Namfuata sasa hivi, kabla sijapata la kujidanganya. Nitamwambia: mama aje, asimame popote anapotaka, nakosa hata asipokuwepo. Mwalimu Mwazembe nitamwambia asubuhi kabla hatujavuka, na wenzangu wasikie.

Halafu nitasimama mstarini, macho chini kama inavyonipasa. Huenda nitakosa. Naye atakuwa pale nyuma ya kikapu, akimpigia Lameki vigelegele.