Barafu ya Samaki

Shemeji Nourdine,

Huku Salamabila mvua imekata, na mihogo iko sawa. Samaki uliowatuma na pikipiki kutoka Kasongo walifika wazuri, barafu bado ngumu.

Ila dawa ya muke wako Faridah uliichomeka katikati ya barafu ileile. Nilikuambia kwa simu, mimi munganga wa hospitali: iwe kwenye ubaridi, isigande. Dawa hiyo inabebwa ndani ya vifuko vidogo sana vya mafuta, ikiganda, vinapasuka. Nilipoichanganya, niliona madonge tu, haikufaa tena kumuchoma.

Faridah aliuliza kama dawa yako imefika. Nilimuambia yote. Alikufa Jumatano akijua.

Chakula cha matanga kisikusumbue. Tuliwapikia watu samaki wako, na kila mutu aliwasifu.

Ni mimi dada yake,
Zaituni