Moto wa Mama Rehema

Sikonge, Jumanne

Dunia nzima kwa sentensi moja! Ndicho anachotaka mwenzangu wa utafiti aliye ng'ambo. Leo kwenye simu kaniambia niandike kwenye ripoti yetu kwamba moto unaharibu misitu, basi.

Lakini asubuhi nilimkuta Mama Rehema, mfugaji nyuki, akichoma nyasi chini ya mizinga yake zikiwa bado na ubichi, ili moto mkali wa mwisho wa kiangazi usikute cha kuteketeza. Nilipomwambia ripoti itasomwa nchi nyingi, aliuliza, "Na huko kwao, mwanangu, nyasi zinakauka lini?"

Sijui. Swali hilo limeninyima raha tangu asubuhi. Nikiandika "chomeni mapema," huenda nikaunguza msitu wa watu. Nikiandika anavyotaka mwenzangu, uchomaji wote utapigwa marufuku, na mwakani Mama Rehema atakamatwa na kiberiti mkononi.