Mwanafunzi wa Miaka Sabini na Mmoja

Shoga, uko wapi? Nimetoka shuleni kwa mjukuu wangu sasa hivi, mbavu sina kwa kucheka.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la saba! Mimi, bibi kizee wa miaka sabini na mmoja! Mwalimu mkuu alipojaza mfumo wa wizara kwenye kompyuta, aliniweka mimi mlezi mahali pa mtoto.

Mjukuu hayumo. Na leo ndiyo mwisho wa kuandikisha, asipokuwamo mtihani hafanyi.

"Nifute basi," nikamwambia.

"Bibi, mfumo haufuti mwanafunzi. Mpaka aache shule, na sababu nichague humu humu."

Akanisomea, jasho linamtiririka: utoro, kifo, mimba, ndoa.

Mimba, shoga! Mimba!

Nikamwambia, "Mwanangu, kufa bado sijataka, na mimba hata wizara haitaamini. Weka ndoa."

Akaweka! Mimi nikatoka, mjukuu akaingia, na namba ya mtihani kapata.

Sasa serikali nzima inajua nimeolewa leo. Nitafutie mume haraka, wasije wakaguzi wakanikuta peke yangu.