Amekalia kisima

Dodoma, Ijumaa jioni

Nimefungwa tena. Kasamu, fundi cherehani wa karibu na boma la Wadachi, alimweka farasi wake katikati ya ubao wa sataranji na hakumwondoa. Mimi nilikula kete zake nne, nikajiona bingwa. Kumbe sikuwa na pa kupita.

Mke wangu, Mgogo asiyeujua mchezo huu, alikuwa akitutazama huku anapepeta uwele. Akaniambia, "Wewe unafukuza ng'ombe, mwenzio amekalia kisima." Kwao, kiangazi, mwenye kisima hufuatwa na mifugo yote.

Imeniuma. Naogopa nimecheza miaka yote hii bila kuuona ubao.

Kasamu naye alimsikia. Amemwomba kesho akae yeye kwenye kigoda changu. Amekubali.