Wasia Ulioingia Grupu la Arusi

Konde, 9 Februari 2019

Dada Ummkulthum,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima na lile goti lako limetulia. Sisi huku Konde hatujambo. Masika mke wangu anakusalimu, ingawa najua hutaki salamu zake wala zangu. Tangu uchaguzi wa 2015 ukija sokoni unalipita duka langu ukenda kununua sukari kwa mtu wa mbali. Sikulaumu, mimi nami nilisema maneno yangu siku zile. Lakini leo nakuomba usome mpaka mwisho, halafu uichane ukitaka.

Jana baada ya laasiri sauti yako iliingia kwenye grupu la wasapu la arusi ya jamaa yetu Manar. Nadhani ulikuwa ukimrekodia mwanao Samah kule Maskati, ukakosea pa kuituma. Ni wasia wako wa safari ya Hija. Umetaja jina lako kamili, mwaka wa kuzaliwa, nambari ya kitambulisho, kisha namba ya siri ya pesa zako za simu, polepole, mara mbili, kama unasomesha watoto. Yote hayo katikati ya picha za mashela na mjadala wa rangi za kanga.

Masika amekupigia mara tatu hupokei. Mimi umenifungia simu zamani. Dada, mimi ni wakala wa pesa za simu, na mambo haya nayaona kila wiki. Mtu akiwa na jina lako, kitambulisho chako na namba hiyo, anaweza kwenda kuomba laini mpya kwa jina lako, na pesa zako za karafuu zikaondoka wewe uko shamba. Badilisha namba leo hii. Sitaiandika hapa ingawa sasa naijua, na Masika nimemwambia aisahau.

Mengine uliyoyasema mle nimeyasikia pia. Hayo hayana mwizi, na mimi siyasemi.

Mjaka, kondakta wa gari ya Chake, atakupa mkononi ikipita Ole.

Nduguyo wa ziwa moja,
Nassor

Ole, 13 Februari 2019

Nassor,

Assalaam alaykum. Kutoa salamu ni sunna na kuijibu ni faradhi, kwa hivyo mzigo mzito nimekuachia wewe. Afya yangu nzuri. Ya kwako siulizi.

Laini yangu imekufa tangu Jumamosi. Nimepanda gari mpaka mjini Chake na goti hili hili, na pale duka la simu naambiwa imesimamishwa kwa ombi la mtu na mkewe kutoka Konde. Sikuhitaji kuuliza majina. Wakaniambia watanifungulia nikija na kitambulisho, na kitambulisho nimekiacha nyumbani. Kumbe siasa zako zimefika mpaka kwenye pochi yangu.

Pesa zile ni karafuu za misimu mitatu. Nimezianika mwenyewe na kuzianua mwenyewe mvua ikinipiga mgongoni. Ni Hija yangu, Nassor. Ofisi ya safari inafunga mwisho wa mwezi wa tatu. Nikikosa mwaka huu, sina hakika kama mwakani goti litakubali.

Sauti kuingia grupu la arusi nimeshajua, Samah ameniambia kwa simu ya jirani. Kwani kuna nini? Grupu la arusi lile, watu wote ni wetu. Anayekwenda Hija hutakiwa aache wasia, na mimi sikutaka mwanangu ahangaike na simu ya maiti. Basi nimekosea nini?

Barua yako Mjaka aliileta. Niliutambua mwandiko wako, nikamwambia, "Mrejeshee, barua ya Nassor miye sipokei." Akaondoka anacheka, sijui kilichomchekesha.

Nifungulie laini yangu.

Aliyekuwa dada yako,
Ummkulthum

Konde, 14 Februari 2019

Dada Ummkulthum,

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, nimeulipa mzigo wote na nyongeza. Mimi mzima, nakwambia ingawa hukuuliza.

Nimekufungia humu ile barua uliyoirudisha. Soma hiyo kwanza, ndipo urudi kwenye hii.

Mjaka aliponirejeshea siku ile, niliishika mpaka adhuhuri sijui la kufanya. Masika ndiye aliyesema, "Akikasirika atapoa, mwanakwetu. Pesa zikenda hazirejei." Tukapiga simu kwa watu wa laini. Hatukudanganya, tulisema si laini yetu, ni ya dada, na siri yake imetoka nje. Binti aliyepokea akauliza jina lako, mwaka wako, nambari yako ya kitambulisho. Majibu yote tuliyapata kwenye ile sauti, na hilo peke yake lingetosha kukutisha. Mwisho akauliza jina la mama. Hilo hukulitaja. Nikamwambia, Bimkubwa binti Jaribu. Akaniuliza nimelijuaje. Nikamweleza kwamba mama yangu alifariki nikiwa na siku tisa, na Bi Bimkubwa akatunyonyesha pamoja, mimi upande mmoja na wewe upande wa pili. Yule binti akasema laini inasimama mpaka mwenyewe aje.

Unasema watu wote ni wetu. Grupu lina watu mia moja na sitini. Mimi na Masika tumepita jina baada ya jina, na tunaowajua hawafiki tisini. Waliobaki kuna wa maturubai, kuna mpiga picha, kuna nambari tupu zisizo na jina. Sisemi ni wezi. Nasema hatuwajui.

Nenda Chake na kitambulisho, ufunguliwe, na namba ubadilishe ukiwa pale pale. Usiweke mwaka uliozaliwa. Na mtu asikuulize namba hiyo ukamwambia, awe anasema anatoka ofisi ya simu, awe anasema anatoka ofisi ya Hija, au niwe mimi.

Samahani kwa usumbufu na goti. Kuifunga sijuti.

Nduguyo wa ziwa moja,
Nassor

Ole, 12 Machi 2019

Ndugu yangu Nassor,

Assalaam alaykum. Leo nakuuliza hali kwa moyo wangu wote. Nasikia presha ilikupanda, imeshuka? Masika je, bado anaumwa na meno? Mimi mzima, goti linalalamika lakini linatembea.

Karibu mwezi mzima sijakuandikia, na si kwa hasira. Ni kwa kuona haya.

Nilikwenda Chake Jumatatu baada ya barua yako, na kitambulisho. Kijana wa pale alitazama kwenye kompyuta yake, akaniuliza kama nina jamaa bara. Nikamwambia sina. Akasema Jumapili, siku moja tu baada yenu kuisimamisha, mtu alifika duka la mji mmoja huko, na jina langu na nambari yangu kwenye karatasi, anataka laini mpya. Wakaona imesimamishwa, wakamuuliza jina la mama. Akaondoka, hakurudi.

Nassor, nilikaa chini pale pale nikalia mbele za watu. Pesa zangu zote zimo. Wahenga wamesema siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilikwenda kuumimina mtungi mzima uwanjani pa arusi.

Ahsante, ndugu yangu. Uliishika namba yangu mkononi na hukuitamani. Nilikutukana na ukameza. Masika mwambie nitakuja kumshukuru mwenyewe, na namba yake nimeifungua, na yako pia. Mungu awalipe, mimi sina cha kuwalipa.

Wasia nimeuandika upya kwenye karatasi, bila namba. Shehe ameniambia pesa za maiti warithi huzipata kwa karatasi ya Kadhi, hakuna haja ya kumwachia mtu siri. Namba mpya haijui yeyote. Samah aliniuliza kwa utani, nikamkatia simu.

Sasa lile jingine, ambalo ndilo lililonizuia kuandika. Nilisema kwenye wasia ule kwamba atakayenishusha kaburini ni Nassor wa Konde, na mtu asimzuie, ingawa hatusemezani. Uliyasikia hayo. Siku ya pili nikairudisha barua yako mlangoni, kisha nikakuandikia yale niliyokuandikia, na wewe hukunikumbusha hata kwa neno moja.

Ofisi ya safari inataka maharimu wangu aje kutia saini, yaani mume, au mwanamume ambaye dini haimruhusu kunioa. Baba hayupo. Mume hayupo. Kaka sikupewa, na Samah hajaolewa nikapata mkwe. Nilikuwa najidanganya kwamba nitapata njia nyingine. Ninaye mmoja tu duniani, kwa ziwa la mama.

Ya kaburini nilishakupa. Nakuomba unianzie na hii, nikiwa hai.

Dada yako wa ziwa moja,
Ummkulthum

Konde, 14 Machi 2019

Dada yangu,

Wa alaykum salaam. Presha imeshuka, meno ya Masika yamepona, na barua yako niliisoma mbele ya wateja ikanibidi nifunge duka.

Kesho nakuja Ole kwa gari ya kwanza, tutapita Chake pamoja nikatie saini. Kitambulisho nimeshakitia mfukoni, na wewe angalia usiache chako. Masika anakuletea sukari kilo mbili, anasema umechoka kuifuata mbali.

Ahsante na wewe, dada. Miaka mitatu nilidhani umenitoa, kumbe nilikuwa nimo mpaka kwenye wasia.

Barua hii simpi Mjaka. Nimeiandika kwa sababu najijua, nikifika mlangoni kwako maneno yatanipotea. Ukinikuta nimesimama tu na karatasi mkononi, mara hii ipokee.

Nduguyo,
Nassor