Kikohozi cha Punda Clodomiro

Nibaldo, haya ni kweli tupu. Nakuapia kwa kaburi la mke wangu Elba, na unajua simtaji Elba ovyo.

Unaikumbuka ile santuri ya vikaragosi walioimba upya nyimbo za mapenzi za wakubwa? Tangu Elba afe naipiga kila siku, ili nyumba isinyamaze. Sasa, pale klabu ya wastaafu, niliwaambia kwamba sauti ya Punda Clodomiro, yule kikaragosi anayeimba humo, ni yangu. Usicheke! Watu wakaanza kukaa mezani kwangu.

Leo kaja mama mgeni, Bi Herminda. Akaniuliza, "Mzee, mbona punda anakohoa kwenye ubeti wa tatu?"

Nikasema ni vumbi la studio. Nikaongeza moshi. Nikaongeza na tetemeko la ardhi.

"Muongo mkubwa wewe! Ni unga wa ngano wa kukaanga. Nilimpelekea mwenyewe bakuli, akabugia kijiko kikavu kabla ya kuimba. Punda ni marehemu mume wangu."

Mume wake, Nibaldo! Mume wake!

Nikaomba radhi. "Radhi hailiki," akasema. "Utalipa." Akaagiza unga jikoni, akanijazia kijiko, kikavu hivyo hivyo. "Haya punda, meza, uimbe."

Nikaimba. Kwenye ubeti wa tatu nikapaliwa mpaka machozi yakanitoka.

Hakuna aliyecheka. Bi Herminda alikuwa amefumba macho.

"Tena," akasema, kwa sauti ya chini.

Nikabugia kijiko cha pili.